Shajara ya ada: kutoka kwenye cherehani hadi darasa la jioni

Jumapili, 28 Januari 2024

Leo nimekabidhi sare za mwisho za msimu, nikafagia vipande vya kitambaa, nikakaa chini na kalamu. Tangu Novemba nimeshona sketi na mashati ya watoto wa Kihonda na Mji Mpya. Nikishatoa kitambaa, uzi, zipu, vifungo, umeme na kodi ya fremu, mkononi zimebaki Sh 540,000. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa na pesa inayokaribia hiyo, na Machi ilipofika sikuwa nayo. Haikuibwa. Iliondoka na bati mbili za jikoni, dawa za mama, michango ya misiba miwili na madaftari ya binti.

Ndiyo maana nafungua daftari hili. Mradi ni kurudi shule: astashahada ya awali ya uhasibu, masomo ya jioni, hapahapa Morogoro, bila kuuza cherehani na bila kuingia deni la kuninyima usingizi. Nina miaka 38. Kidato cha nne nilimaliza 2004 nikapata pasi tano, na ngazi ile inataka pasi nne zisizohesabu masomo ya dini. Mlango basi uko wazi. Nauli ya kuufikia ndiyo naitafuta.

Kwa nini uhasibu? Mwaka wa tisa huu mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Kila tunapovunja kikundi, yaani kugawana akiba, akina mama hunigeukia niwaeleze kwa nini hisa za fulani zimezaa zaidi ya za mwenzake, nami naeleza kwa vidole na kwa kuaminiwa. Nataka nieleze kwa hesabu.

9 Februari

Nimekwenda chuoni kuuliza bei kabla ya kuuliza jambo lingine lolote. Kijana wa ofisi ya uhasibu aliniamkia, akaniita mama, akadhani nimekuja kwa ajili ya mtoto. Nilipomwambia mwanafunzi ni mimi, alisimama akanitafutia kiti. Nimeyaweka moyoni hayo.

Ada ya mwaka ni 900,000. Juu yake kuna usajili 20,000, kitambulisho 10,000, mitihani 80,000, mchango wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, 20,000, serikali ya wanafunzi 10,000, na bima ya afya 50,400. Jumla 1,090,400. Ada inagawanywa awamu nne, 300,000, kisha 200,000, kisha 250,000, kisha 150,000, lakini ile michango mingine yote hulipwa siku ya kujisajili. Kwa hiyo mtu hakanyagi darasani kabla hajatoa 490,400.

Nilirudi nyumbani nikiitazama namba hiyo moja. Milioni na tisini ni pesa ya mwaka mzima, na kwa mwaka mzima naipata. Shida yangu ni hiyo laki nne na tisini ya Oktoba. Oktoba fundi wa sare hana kazi. Watoto wamevaa za Januari hadi zimepauka, wazazi wanasubiri mwaka uishe. Pesa yangu ina msimu, na ada ina tarehe, na viwili hivyo havijawahi kukutanishwa.

17 Februari

Nimeingia mchezo mpya wa kupeana pesa kwa zamu. Tuko 11, kila mmoja anatoa 50,000 kwa mwezi, anayepokea anapata 500,000 kutoka kwa wenzake kumi. Kijumbe, anayekusanya michango, amechukua zamu ya kwanza kama ilivyo desturi. Wengi wanagombea Machi na Aprili. Nimeomba Septemba, zamu ya nane, na hakuna aliyebisha. Ikienda sawa, Oktoba naingia chuoni na chenji ya 9,600.

Kikoba sikukigusa. Chetu kinavunjwa Desemba, na kuchukua mkopo wa kikundi huku mimi ndiye mshika sanduku kungeleta maneno, hata kama nina haki sawa na wengine.

6 Machi

Gharama ya kwanza ambayo haimo kwenye orodha ya chuo. Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la babu, kitambulisho cha NIDA hakina, na herufi moja ya jina la baba imeandikwa tofauti. Wakili ameniandikia kiapo cha majina kwa 20,000. Kutoa nakala na kugongesha mihuri, 7,000. Mtu aliyemaliza shule juzi halijui jambo hili. Sisi tulioandikishwa shule na mjomba, tukaolewa, tukaandikishwa tena kwingine, majina yetu yameshapita mikono mingi. Anayefikiria kurudi shule ayapange karatasi zake mezani mwaka mzima kabla, azisome herufi kwa herufi.

14 Aprili

Masika ya mwaka huu ni makubwa. Redio inataja Rufiji, Kibiti, na huku kwetu mkoani, Mlimba. Mjini maji yamekata njia mara kadhaa na wateja hawatoki. Kilichoniokoa ni Idi ya tarehe 10. Nimeshona madera na kanzu za watoto hadi usiku wa kuamkia sikukuu, nimeweza kulipa mchezo wa Machi na Aprili bila kugusa akiba.

Jambo la kuandika: msimu wa Idi hauganduki mahali pamoja. Mwaka ujao utarudi nyuma siku kumi hivi, utaangukia mwisho wa Machi. Sare zina mwezi wake, Idi inatembea. Ninayepanga ada kwa kalenda ya kazi yangu sina budi kuzijua kalenda zote mbili.

11 Juni

Kila ninayemwambia habari hii ananiuliza, "Kwa nini usiombe Bodi ya Mikopo?" Naandika jibu mara moja ili nisilirudie. Mwombaji wa Bodi hatakiwi kuzidi miaka 35, nami nimevuka. Mikopo ya ngazi ya stashahada, iliyoanza mwaka wa masomo 2023/2024, imeelekezwa kwenye fani kama afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Uhasibu haumo. Siilaumu Bodi kwa kutanguliza watoto waliotoka shule jana. Ila nasema kwa moyo wangu wote kwamba mtu wa miaka 38 naye hulipa kodi, hulea, na akisoma hasomi peke yake. Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya serikali, bila ada. Akifika kidato cha sita bado hatadaiwa ada. Nashukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza, maana bila hilo daftari hili lisingekuwapo.

25 Juni

Jana nilipanda treni mpya ya umeme kwenda Dar. Ndio kwanza imeanza kubeba abiria, tarehe 14 mwezi huu, nauli 13,000. Nilikwenda Kariakoo kununua jora mbili za kitambaa cha sketi kwa ajili ya shule kufunguliwa Julai. Nikakuta maduka yamefungwa, mgomo wa wafanyabiashara, mtaa mzima umenyamaza. Nimerudi mikono mitupu, nauli ya kwenda na kurudi imekwisha. Kitambaa nimenunua hapahapa mjini kwa bei ya juu, na faida ya Julai imeliwa nusu kabla sijakata kipande cha kwanza.

3 Agosti

Julai imetoa 95,000 safi. Nilitegemea zaidi ya hapo.

Kwenye mtaa wanazungumzia mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka jana na sasa imerejeshwa: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Dada mmoja wa kikundi amenishauri tuandike mradi wa ushonaji, kisha fungu langu nilipie ada kimyakimya. Nimekataa. Mkopo ule ni wa biashara ya kikundi, na marejesho yake ndiyo mkopo wa kikundi kinachofuata. Nikiupeleka darasani, wenzangu ndio watakaolipa kusoma kwangu pasipo kuulizwa.

21 Septemba

Zamu yangu imefika, na imefika pungufu. Wawili hawakuleta. Mmoja ana mtoto aliyelazwa, nimemwona wodini kwa macho yangu. Mwingine biashara yake ya mboga kutoka Mgeta imekwama. Nimepokea 400,000.

Zimebaki siku chache dirisha la usajili lifungwe, na ninapungukiwa na 90,400.

Usiku huohuo nikapigiwa simu na mtu wa mikopo ya kausha damu. Sijui nani alimpa namba yangu. Anatoa 100,000 papo hapo, marejesho 5,000 kwa siku kwa siku 26. Nilipiga hesabu mbele ya kibatari kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika: 130,000. Elfu thelathini juu, kwa mwezi mmoja, katika mwezi ambao sina sare wala Idi. Kuna siku nyingi Oktoba ambazo fremu yangu haiingizi hiyo 5,000. Nimeona cherehani za wenzangu zikibebwa kwenye mkokoteni mchana kweupe, mwenyewe amesimama pembeni. Nilimwambia hapana, akapiga tena asubuhi, nikamwambia hapana tena.

24 Septemba

Nimekwenda chuoni kuomba nijisajili kwa 400,000 na iliyobaki niilete Novemba. Yule kijana wa uhasibu alinisikiliza hadi mwisho. Akasema barua naweza kuandika na huenda mkuu akakubali, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, pesa yako wewe inaingia lini?"

Nikamweleza: Novemba hadi Januari, kidogo Julai, na Idi.

Akageuza kalenda ya ukutani. "Basi kwa nini unajitesa na Oktoba? Tuna udahili wa Machi."

Nilikaa kimya. Miezi minane nimekuwa nikiusukuma msimu wangu uende ukaifikie tarehe yao, wakati wenyewe wana tarehe mbili, na ya pili inakuja mwezi mmoja tu baada ya msimu wangu kuisha. Anayeanza Machi hulipa awamu ya kwanza Machi, ya pili Mei, ya tatu Septemba, ya nne Novemba. Machi na Mei zinabebwa na Januari. Septemba inabebwa na Julai pamoja na akiba. Novemba inabebwa na malipo ya utangulizi ya sare mpya. Kosa langu lilikuwa kuuliza kiasi na kusahau kuuliza udahili uko mara ngapi kwa mwaka. Nimetoka pale nikilia kidogo, na sina aibu ya kuliandika hilo.

1 Oktoba

Sasa swali ni laki nne hizi zikae wapi miezi mitano. Nyumbani hazikai, najijua. Kwenye simu hazikai, maana ni kubonyeza tu. Nimepeleka 300,000 UTT AMIS, taasisi ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye mfuko wa ukwasi. Pesa ikishaingia kule naweza kuitoa nikiihitaji, lakini hutolewa kwa maombi na kusubiri siku kadhaa. Hizo siku za kusubiri ndizo nilizozitaka. Mchango wa harusi hauwezi kusubiri siku kadhaa, kwa hiyo nitasema ukweli kwamba sina.

Laki iliyobaki nimenunulia kitambaa mapema, kabla bei haijapandishwa na Desemba. Nilisita. Kuchukua pesa ya ada na kuiingiza kwenye biashara ndiko kulikonipoteza mwaka 2019, nilipojaribu jambo hili mara ya kwanza. Safari hii nimeiwekea mpaka: laki moja, si zaidi, na irudi kabla ya Februari.

17 Novemba

Tumeamka na habari za ghorofa lililoanguka Kariakoo jana. Ninakonunua vitambaa si mbali na pale. Sina la kuandika kuhusu ada leo. Mungu awape subira waliofiwa.

30 Novemba

Yule mama wa mboga ameniletea 50,000 yangu, mwenyewe, jioni, akiwa amebeba na fungu la karoti. Nimeipeleka kwenye mfuko wa UTT ikaungane na zile 300,000.

Nahesabu sasa gharama ambayo hakuna ankara itakayoionyesha. Darasa la jioni ni saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, siku nne kwa wiki. Hizo ndizo saa ambazo wateja wangu hutoka kazini na kupita fremu kupima, kuchukua, kulipa. Nimefuatilia wiki tatu nikiandika kila shilingi inayoingia baada ya saa kumi na moja. Wastani ni 4,000 kwa jioni. Mara siku nne, 16,000 kwa wiki. Kwa muhula wa wiki kumi na saba ni 272,000. Karibu ada ya awamu ya kwanza nzima, nayo haina risiti.

Halafu nauli. Kwenda ni daladala, 600. Kurudi saa mbili usiku ni bodaboda, 2,000, kwa sababu njia ya kwetu haina taa na mimi si wa kutembea peke yangu gizani. Hiyo ni 10,400 kwa wiki, 176,800 kwa muhula.

Nimekaa na namba hizi siku mbili bila kumwambia mtu. Ukijumlisha, muhula mmoja wa mtu mzima unabeba karibu laki nne na nusu ambazo chuo hakiziombi wala hakizijui. Kijana wa bweni hana gharama ya kufunga duka. Nadhani hapa ndipo wengi wetu huvunjikia: ada wamelipa, wiki ya saba wanakosa nauli, wanaona haya kusema, wanaacha kimyakimya.

Nilichoamua ni kumwita binti wa jirani aliyehitimu ushonaji VETA na hana cherehani. Atakaa fremuni jioni zile nne, atumie mashine yangu, kazi anazopokea mwenyewe tugawane nusu kwa nusu. Zile 4,000 zikiwa 2,000 bado nauli ya bodaboda imepatikana, na yeye ana pa kuanzia.

2 Februari 2025

Msimu umeisha. Laki ya kitambaa imerudi kwenye mzunguko kabla ya mpaka niliouweka. Baada ya kumaliza mchezo hadi Desemba na matumizi ya nyumbani, nimetenga 360,000. Jumla ya fungu la shule: 300,000 na 50,000 na 360,000, yaani 710,000. Faida ndogo ya mfuko sijaihesabu, nimeiacha ikae kama ya kuzima moto.

Mama alinisikia nikihesabu kwa sauti. Akaniuliza ni za nini. Nikamwambia, "Ada, mama." Akauliza, "Ya mjukuu?" Nikasema, "Ya mwanao." Alinyamaza muda mrefu, kisha akaingia chumbani akatoka na 10,000 iliyokunjwa kwenye ncha ya kanga, akasema ninunue kalamu nzuri. Sikuiingiza kwenye jumla. Nimenunua kalamu, daftari kubwa na kikokotoo.

4 Machi

Nimepata namba ya malipo, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Nimeihakiki jina mara mbili kabla ya kutuma. Imelipwa 490,400. Nimetoa nakala tatu za stakabadhi, moja nimeiacha ofisini ikiwa na muhuri, moja iko kwenye bahasha nyumbani, moja nimempa binti yangu aitunze. Salio la fungu ni 219,600. Ya Mei ni 200,000, ipo tayari, na zinabaki 19,600.

Kiapo cha majina ndicho karatasi ya kwanza waliyoiomba.

Jumatatu, 17 Machi

Darasa la kwanza. Tuko 34, na nilipotazama nyuma niliona kichwa kimoja chenye mvi zaidi ya changu, baba mmoja dereva wa lori. Tumefunga Ramadhani, na Idi iko karibu, kwa hiyo fremuni nimeacha kanzu kumi na moja na madera tisa mikononi mwa yule binti. Mwalimu alianza na mizania: upande huu na upande huu, na kwamba lazima zilingane. Jua lilipozama alisimamisha somo dakika kumi. Dereva akatoa tende kwenye mfuko wa shati akazipitisha safu nzima.

Nauli ya kurudi nimelipa 1,500. Bodaboda anasema kwa siku nne kila wiki atanichukua kwa bei hiyo. Okoa 2,000 kwa wiki. Nimeandika.